Maji Yaleyale

Raya alikaa mbele, gari humchafua roho.
Mimi wakaniweka kati,
kapu la mofa mapajani linanichoma,
Bikombo kulia, Zuwena kushoto,
na laki mbili za upatu
zimejibana nasi humo humo, bila nauli.

Tangu Mfunguo Tatu hawasemezani.
"Mwambie mwenzio afunge kioo."
"Mwambie mwenzio vumbi haliui."
Nami napeleka, narejesha,
posta ya watu wazima
kutoka Chake mpaka Pujini,
na hali sote tunasikia.

Raya alitaraji kasri, kavaa viatu vya harusi.
Tukakuta ukuta umelala ubavu,
mizizi imeyashika mawe
kama mama anavyoshika mtoto sokoni,
na mbuzi mmoja, mwenye mji.

Kijana wa mahame, jina lake Faki,
akatueleza yote kwa pumzi moja:
Mkama Ndume, jina tu linauma,
eti aliwabebesha watu mawe
huku wanajikokota kwa makalio
hadi ngome ikasimama.
"Ndiyo maana imejilaza," akasema Raya,
naye akavua kiatu, akasugua kisigino.

Kisha kisima.
Bwana alikuwa na wake wawili
hawaivi chungu kimoja,
akawajengea ukuta katikati:
huyu ateremke kwa ngazi,
yule ateke kwa kamba,
wasionane hata kivuli.
"Na maji?" Zuwena akauliza.
"Maji yaleyale," akajibu Faki.

Hakuna aliyewapanga, wallahi.
Bikombo keshashuka vidato viwili vitatu,
Zuwena yuko juu, upande wa kamba,
mimi nayatazama mawe
kama niliyeyapoteza mimi.

"Mwambie mwenzio," sauti ikatoka chini,
"huku kunateleza, asije."
Nikafungua kinywa nitumike.
Zuwena akanitangulia:
"Nimesikia, sijaziba masikio.
Hebu panda, mtu mzima wewe!
Ukivunja nyonga humo
laki mbili zangu nitamdai nani?"

Kimya.
Halafu kisima kikacheka,
kicheko cha Bikombo, kile cha skuli,
kilichokuwa kikitutolesha darasani sote wanne.

Tulikula palepale, juu ya kanga ya Raya:
mofa, pweza wa nazi,
pilipili iliyomtoa Faki machozi
akakataa kukiri.
Bikombo akachagua mkono wa pweza ulionona,
akausukuma upande wa pili wa sinia
bila kumtazama mtu.
Zuwena akaula. Akalamba vidole.
"Chumvi imezidi," akasema,
"na mwisho wa mwezi si mbali."

Kurudi, nilipewa dirisha.
Wamekaa bega kwa bega, wanagombana wenyewe,
nani alikosa hesabu, nani alipika chumvi,
mpaka taa za Chake.
Mimi sina kazi tena.
Nikatia mkono kapuni,
mofa ya mwisho nikaila peke yangu,
sikumwambia mtu.