Namba Hazilingani

Mama Mwewa aliileta Jumanne, Kamalondo,
ndani ya kitenge cha harusi ya mtu mwingine,
akailaza juu ya meza yangu, kati ya saa zilizokufa
na redio isiyo na mgongo.
"Niambie bei," akasema. "Paa langu linavuja."

Kwanza niliifungua nione kama tumbo ni tupu.
Tupu. Nikashusha pumzi, nikachukua kitambaa.

Bunduki ya zamani haitaki haraka. Unaanza na kitako:
kile cha kiwandani kilikuwa mjozi wa Ulaya, hiki ni mukula,
mwekundu kama udongo wa Kipushi baada ya mvua.
Fundi wa kijiji alikichonga, na alikichonga vizuri,
lakini mnunuzi hatafuti uzuri, anatafuta asili.
Toa robo ya bei.

Mtutu nikauelekeza dirishani, kule linakoonekana
bomba refu la kiwanda na mlima wake mweusi.
Mifereji bado inazunguka, imelika kidogo,
kama ngazi za nyumba yenye watoto wengi.
Kutu ni ya juu juu. Rangi ya buluu
imebaki pale tu ambapo vidole havikufika.
Muhuri wa Ubelgiji: taji, herufi mbili,
na mwaka ambao baba yangu alikuwa hajatahiriwa.
Za aina hii nimeona tatu maishani,
mbili zikiwa vyuma chakavu.
Nikaanza kutabasamu kimoyomoyo.

Kisha komeo.
Kwenye mwili: 4417. Kwenye komeo: 4392.
Nikafuta lenzi. 4392.
"Namba hazilingani, mama. Hapo nusu imekwenda."

Hakushtuka. Alicheka hadi akashika ukingo wa meza.
"Hiyo ni ya baba mdogo Mwenya."

Kule Kasenga wenye bunduki walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja,
wakagombea shamba la mihogo hadi wakaacha kusalimiana.
Bibi akaingia nyumba ya huyu, akachomoa komeo,
akaingia ya yule, akachomoa,
akayazamisha yote mawili katika chungu cha mawese.
Miaka minne wanaume wazima walitembea na fimbo za chuma.
Siku walipokula tena sahani moja, akawarudishia.
Hakujua kusoma namba.
Au alijua. Nani atamwuliza sasa?

Nililinusa lile komeo. Mawese?
Pua yangu imezeeka, siiamini.

Katika daftari nikaandika ninachoandika siku zote:
Adimu. Hali ya kati. Kitako si cha asili.
Namba hazilingani.
Chini yake nikaandika bei, nikaikata,
nikaandika nyingine, nikaikata pia.

"Paa lako ni mabati mangapi?"
"Kumi na mawili."
"Na ile ya pili, yenye komeo lenu, iko wapi?"

Akaanza kukunja kitenge, polepole, pembe kwa pembe.
"Kwa mtoto wa Mwenya, pale Katuba.
Hatusalimiani."