Ngozi Ikiota Moto

Mchana, sokoni Mahuta, napiga za paspoti:
kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke, usipepese.
Shuka jeupe nyuma, mtu ametulia
kama gunia la korosho mizanini.
Kazi hiyo hata mwanangu wa darasa la nne anaiweza.

Usiku huu ni kazi nyingine.
Vijana wametoka likumbini, uwanja umefurika,
na Nantepa, mpiga ligoma, kanishika mkono
kabla sijafungua mkoba:
"Flashi yako ibaki humo humo.
Mwaka juzi mmoja kama wewe
alimmulika Chipwele akiwa juu ya mironjo.
Hujamwona anavyochechemea?"
Nimemwona. Nilidhani ni bodaboda.
Chini anachechemea. Juu hachechemei.

Basi lenzi nimeifungua hadi mwisho,
mboni ya paka ghalani,
ISO nimeipandisha hadi elfu sita na mia nne,
kasi nimeishusha, moja kwa thelathini, moja kwa kumi na tano,
viwiko nimevibana mbavuni, pumzi nimeiweka akiba
kama apitaye mlangoni pa mgonjwa aliyepata usingizi.
Na bado giza linanikatalia.

Maana mambo ya hapa yako hivi:
umande unashuka, ngozi zinalegea,
ngoma zinasema pu, pu,
kama mtu anayeongea na ugali mdomoni.
Wapigaji wanasimama. Wanawasha nyasi kavu,
wanaziinamisha ngoma zikaote moto.
Hapo sasa kuna mwanga! Mwanga wa kumwaga!
Kila shavu shaba, kila tone la jasho limewaka taa yake.
Lakini nani anacheza?
Mmoja anakohoa, mmoja anafunga upya mkanda wa suruali,
Chipwele amekalia paa la kibanda cha chipsi,
miguu yake ya miti inaning'inia, anatafuna muhogo.

Ngozi zikikaza, zinaita ti! ti!
nyasi zimeshakuwa majivu,
na ngoma inaanza gizani.
Mwanga ukiwepo, ngoma hakuna.
Ngoma ikiwepo, mwanga umeaga.
Aliyepanga hivi lazima ni mtani wangu, Mmakua.

Nikaacha kutazama. Nikasikiliza.
Ligoma hupiga mara tatu, halafu inameza.
Katika kumeza huko kiganja kipo hewani,
hakiendi, hakirudi,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Na Chipwele akigeuka, ipo nukta moja, juu kabisa,
mti umeachana na ardhi
na ardhi haijaja kumdai.
Hapo. Bonyeza.
Umechelewa.
Tena: moja, mbili, tatu, bonyeza
kabla hujajua kwamba umejua.

Nimepiga mia mbili na kumi na mbili.
Asubuhi, kwenye kioo kidogo cha kamera, moshi mtupu:
mikono ya Nantepa imekuwa mabawa ya kumbikumbi,
chengachenga zimetapakaa
kama pumba za mtama ukingoni mwa ungo.
Moja tu imetulia. Kila kidole.
Hata pete. Hata kovu la panga kwenye gumba.

Hiyo nikaenda kuisafisha Newala, saizi kubwa,
nikampelekea kwake na bahasha.
Aliitazama, akamwita mkewe, Sijaona, naye aitazame,
wakacheka mpaka mzee mzima akashika ukuta.
"Hapa ndipo nilipokosea pigo," akasema.
"Nilipotea. Mkono ukasimama wenyewe.
Watu wakadhani ni madoido."

Akanirudishia. Akaomba kamera,
akasogeza moja moja kwa kidole kigumu,
akafika kwenye ile niliyoiacha kuifuta kwa uvivu tu:
haina uso, haina ngoma,
utepe wa rangi ya chungwa unakwenda kushoto
na juu yake nusu ya mguu wa mti.

"Hii," akasema. "Humu nimo."