Mbele Yangu

Ofisi yangu iko Bungoma, ghorofani,
juu ya duka la mbolea na dawa za ng'ombe.
Ngazi kumi na tisa. Najua idadi
kwa kuwa wateja huitaja kabla ya salamu.

Muhuri wangu haulali mezani.
Jioni naufungia droo, ufunguo naondoka nao,
maana muhuri hauna macho:
mkono wowote ukiushika utauma karatasi
na kusema Nasambu alikuwepo,
Nasambu aliona.

Leo asubuhi alianza shemeji,
hati ya kiwanja kwapani, kicheko mbele.
"Wewe si wetu?"
Ni wenu, nikamwambia, ndiyo maana siwezi.
Aliondoka, chai yake imejaa kikombe,
na najua Krismasi hii nitakaa karibu na mlango.

Akaja mwalimu mstaafu, mpole,
anataka tarehe ya Ijumaa iliyopita.
"Siku nne tu, wakili. Nani atahesabu?"
Ijumaa mimi nilikuwa matangani, Chwele,
nikimenya viazi na wajane.
Nitaapaje kwamba nilikuona?

Saa nane, Wabwile.
Shati limefungwa vifungo hadi kooni,
mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika karatasi:
ekari mbili za Sirisia, kutoka kwa mama kwenda kwa mwana,
na gumba la mama limeshapigwa tayari,
la rangi ya zambarau,
duara juu ya duara, mistari yote imetimia.
"Limebaki lako tu, wakili. Piga."
Mama yuko wapi?
"Chini, garini. Magoti hayapandi."
Basi tutashuka sisi.

Nikabeba daftari, miwani, kidau cha wino,
na muhuri, umenielemea mkobani kama jiwe la kusagia.
Bi Nabalayo alikuwa kiti cha mbele,
kitambulisho kimefungwa pembeni mwa leso
pamoja na shilingi hamsini na kidonge cha presha.
Nikatazama picha, nikamtazama yeye.
Picha ilikuwa na hofu. Yeye hakuwa nayo.

Wabwile nikamwomba asogee,
mpaka kule kwenye mizani ya mbolea, na zaidi kidogo.
Kisha nikasoma, kwa lugha iliyomlea,
mstari kwa mstari, hata yale maandishi madogo,
hata pale paliposema *kwa hiari yangu,
bila kushurutishwa na mtu.*

Alinyamaza. Pikipiki zikapita tatu.
Akachukua karatasi, akaisogeza mbali na macho,
akacheka kwa pua.

"Gumba hili si langu, mwanangu.
Langu halina mistari.
Jembe lililamba yote,
tangu watoto wakiwa mgongoni."

Akanionyesha.
Ni kweli. Laini kama kijiko cha zamani.

Niliikunja ile hati, nikaitia kwenye daftari,
na penye safu ya maelezo nikaandika nilichoambiwa,
saa, mahali, maneno yenyewe.
Nilidhani tumemaliza. Akanishika kiwiko.

"Shamba nampa. Nilikuwa nangoja aniulize.
Lakini andika upya: ekari moja na nusu.
Nusu yenye migomba bado ni yangu,
na asiipande muwa."

Msichana wangu akachapa juu, akashuka mbio.
Nikasoma tena, yote, tangu mwanzo.
Bi Nabalayo akachovya gumba, akabonyeza, akainua:
doa tupu la buluu,
dimbwi dogo lisilo na njia ndani yake.

Chini yake nikaandika, polepole, ili nisikosee:
*Alama yake. Amesomewa, ameelewa,
ameiweka mwenyewe, mbele yangu.*
Na tarehe ya leo.
Kisha nikabonyeza muhuri juu ya boneti, ambayo ilikuwa bado moto.

Nikainua macho kumwita Wabwile.
Alikuwa kule kule, nyuma ya mizani,
akisugua kidole kwenye suruali,
akikitazama,
akisugua tena.