Glavu za Elfu Kumi na Mbili

Nilizinunua Kasese, kwa Mbindule muuza misumari:
ngozi ya ng'ombe, nene, rangi ya unga wa muhogo,
zile wavaazo wachomeleaji wa mageti.
Elfu kumi na tano, akasema.
Nikasema kumi, nikageuka kama mtu anayeondoka.
Tukakutana kumi na mbili
na misumari mitatu ya nyongeza ambayo sikuiomba.

Kabugho alipoziona alishika kiuno:
"Unapanda mlimani, Baba Ithungu,
au umeitwa kuchomelea geti la mbinguni?"
Sikumjibu. Nilikuwa nayeyusha nta ya nyuki
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Nilizianika juu ya mabati mpaka zikapata joto,
nikapaka. Ngozi ikainywa nta.
Nikapaka tena. Ikainywa.
Mara ya tatu ikakataa, ikang'aa, imeshiba.
Kwenye mishono nilipitisha kidole polepole
kama unavyomsafisha mtoto nyuma ya masikio.
Ndani nikatia za sufu, za mtumba,
moja nyekundu, moja kijani;
mtumba haujui pacha.

Mgeni wetu, Anselm, alikuja na mbao mbili za kutelezea.
Alikuja nazo, nasema, lakini mgongo ulikuwa wangu.
Zilinipita kichwa, zikagombana na kila tawi
kutoka Nyakalengija hadi Bujuku,
na wapagazi wenzangu wakaniita Antena.
Glavu zake zilikuwa na zipu, na mfuko wenye zipu,
na kitambaa laini kwenye kidole gumba, cha kufutia kamasi.
Aliponitajia bei niliigeuza kuwa mbuzi:
watatu, mmoja ana mimba.

Matope ya Bigo hayaulizi bei.
Aliteleza huko kabla hajafika pa kutelezea,
mikono yote miwili ikazama hadi viwiko,
na mvua ikamalizia.
Asubuhi, kwenye kibanda cha Elena,
glavu za mbuzi watatu zilisimama zenyewe mezani,
ngumu kama samaki wa kukaushwa.
Zangu zilikuwa zimelala tumboni mwangu, chini ya shati.

Aliitazama mikono yangu. Hakusema.
Na mimi sikusema; nilizivua,
nikavaa soksi mikononi, nikafanana na sungura.

Kule juu alifunga mbao miguuni, akajiachia.
Nilihesabu pumzi zangu: kumi na nne.
Halafu theluji ikaisha, mwamba ukaanza,
akaanguka kando, akacheka peke yake,
mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya pumzi kumi na nne.
Alipoinua mikono, maji yalisimama juu ya ngozi
tone tone, kama juu ya jani la gimbi.

Sikucheka. Nilikuwa nautazama ule mwamba.
Baba alipobeba mizigo njia hii
Nzururu alishuka mpaka pale tulipoacha masufuria;
walikatazwa kumnyooshea kidole.
Mimi ningemnyooshea wapi?
Amejikunja kwenye kivuli cha jiwe
kama mdaiwa aliyesikia hodi.

Tulibadilishana. Yeye ndiye aliyetaka.
Zile za mbuzi watatu, Kabugho huzitumia kuipua sufuria;
anasema zipu haina kazi, ila kwa maharage si mbaya.
Zangu ziko Ulaya, sijui sanduku gani,
vidole bado vimekunjika
kwa unene wa kamba yangu.

Juzi nimerudi kwa Mbindule.
Kumi na nane, akasema, bila haya.
Nikageuka kama mtu anayeondoka.
Safari hii hakuniita.