Kalamu Nyekundu

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi.
Imeingia na waziri nyumba ya wageni,
ikakaa darini.

Atuganile, aliyefundisha fasihi miaka tisa
kabla ya bendera kwenye gari,
anasoma amri iliyoletwa aisaini:
kaya arobaini na moja zitahamishwa kupisha chai.

“Zitahamishwa,” anasema. “Na nani?”

Katibu anakohoa. “Ndiyo lugha ya ofisi, mheshimiwa.”

“Kitenzi kimemficha mtenda.”

Anapekua mkoba: peremende, risiti,
kalamu ya zamani. Anaandika pembeni
kama kwenye daftari la kidato cha pili:
Mtenda ni mimi. Andika upya.
Taja kila kaya kwa jina.

Saa tano usiku, migomba ikichuruzika,
katibu bado yuko kwenye simu.
“Mwaka-nani? Rudia. Herufi kwa herufi.”