Kilo Tatu Zilizoliwa Njiani

Mizani ni ile ile ya samaki:
ya chuma, pete juu, ndoana chini,
uso umekula kutu karibu na kumi na mbili.
Kiangazi baba huning'inizia samaki wa ziwa Pielinen
na kuwaongezea nusu kilo kwa mdomo.
Leo ni Februari, theluji imefika dirishani,
tumeifunga kwenye mguu wa meza ya jikoni.
Mistari hii nayo ingetaka mizani;
niwieni radhi, iliyopo imefungwa mezani.

"Soma wewe, Sirkku. Leo mkono wangu ndio mgonjwa."

Mkono ameuvua. Umelala juu ya gazeti
kama kuku aliyekwisha nyonyolewa:
kulabu mbili za chuma, mipira minne ya kuzibana,
waya unaopita ndani ya ala yake hadi begani,
na mkanda uliokolea jasho lake.
Miaka kumi na tisa tangu msumeno wa kiwanda cha mbao
uchukue ulichokichukua.
Yeye husema: ulinidai, nikalipa.

Kwanza tunapima penye kulabu.
Navuta polepole, zinaachana,
mshale unatetemeka.
"Tano na nusu?"
"Tano."
"Haya, andika tano."

Kisha tunapima kule waya unakoishia,
kule bega linakoshika zamu.
Mshale unapita tano, unapita sita,
kulabu bado zimefumba kama mtoto mbele ya dawa.
Saba. Saba na robo.
Nane, ndipo zinafumbuka.

Tano huku, nane kule.
Tunaangaliana.
Kilo tatu zimeliwa njiani,
ndani ya ala, penye kona ya kiwiko,
waya unakosugua gizani
na hakuna anayeusikia.

Nachukua penseli.
Kikombe cha kahawa: kushika, kuachia.
Kifungo. Gogo la kuni. Mlango wa sauna.
Gazeti, ukurasa kwa ukurasa.
Tuseme mara mia nne kwa siku.
Mia nne mara tatu
ni tani moja na ushee
aliyoivuta bure kila siku ya Mungu
kwa mgongo,
akiwa ameketi nasi mezani
akisema supu leo imekolea.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
nami nimelala chumba cha pili miaka yote hiyo.

"Mbona hukusema?"
"Nilidhani mkono ndivyo ulivyo."

Tunachomoa waya.
Uzi wake mmoja umekatika, umesimama kama unywele wa asubuhi.
Natia waya mpya, na ndani ya ala
mrija wa plastiki kutoka breki ya baiskeli yangu ya shule.
Tunapima tena: sita na robo.
Si tano.
"Hiyo iliyobaki ni ya kona," anasema. "Kona lazima zile."

Anauvaa. Anafumbua, anafumba,
anafumbua tena, hana anachoshika,
kama mtu aliyenyamaza muda mrefu
akijaribu sauti chumbani peke yake.

Halafu anaifungua mizani mezani,
anaibana pete yake kwa kulabu.
"Vuta wewe. Tuone nashika kilo ngapi."

Navuta. Ananikazia macho, meno yameumana.
Pete inachopoka ghafla, narudi nyuma hadi kwenye jiko.
Mshale ulikuwa penye mbili. Niliuona.

"Mbili na nusu," anasema.

Naandika mbili na nusu.