Asiye na Ukoo

Walilileta Jumanne, vijana wawili wa mradi,
limelazwa nyuma ya pikapu kama ndama mgonjwa,
vumbi la Mvumi limeshalipaka rangi yetu.
Mikono mirefu, tumbo la plastiki,
macho yasiyopepesa.
"Usiogope, mama, roboti hili linajua Kiswahili."
Nikauliza: linakunywa nini?
Wakacheka. Wakanionyesha waya.

Niseme wazi, maana aibu haifui nguo:
baba mkwe wangu alipigwa na kiharusi wakati wa kuvuna uwele,
upande wa kushoto ukawa mzigo wa upande wa kulia.
Mume wangu yuko Geita, chini ya ardhi ya watu.
Wifi yangu tulimzika mwaka wa njaa.
Nikabaki mimi,
mimi nisiyeruhusiwa.

Miaka kumi na tisa katika boma hili
sijakalia kigoda alichokikalia,
sijapita mbele yake akila,
jina lake sijalitia kinywani
hata siku ile karani aliponikazia macho
kalamu ikiwa juu ya fomu.
Nilimwita Nyemo, mwanangu, aje alitaje.
Nitamwogeshaje mtu
ambaye hata jina lake kwangu ni uchi?

Asubuhi ya kwanza likasimama mlangoni, likaita
kwa sauti ya mtangazaji wa redio:
"Chilongani! Ni saa ya dawa."
Sufuria ikaniponyoka.
Jina nililolizunguka miaka yote kama shimo
likamwagwa uani kama maji ya kunawa.
Nikasubiri radi.
Ikapita bodaboda.

Likamwinua. Likamwosha.
Mimi nje, nimeegemea ukuta wa tembe, nasikia maji,
nasikia akilitukana kwa Kigogo,
nalo likijibu: "Samahani, sijaelewa. Rudia."
Akarudia, tena kwa maelezo.

Siku ya nne akatoa hukumu,
akiuambia mlango ili mimi nisikie:
"Hiki hakina ukoo. Hakina mama, hakina mwiko.
Acha kinishike."
Nikasimama na bakuli la uji,
sijui nimepumzishwa au nimefukuzwa.

Maana usiku nilimsikia akilisimulia ng'ombe wake wa zamani,
mmoja mmoja, kwa rangi zao,
na kila ng'ombe alipofika mwisho
likauliza: "Je, una maumivu?"

Kisha upepo wa Agosti ukaangusha nguzo,
siku mbili giza.
Usiku wa pili nikasikia kishindo.
Si cha gunia. Gunia halijitahidi kunyamaza.
Nikakimbia. Roboti limesimama kichwa chini,
mikono limeinyoosha pasipo na mtu.

Nilizima koroboi.
Nikavua khanga ya juu, nikaiviringisha mikononi
ngozi isikutane na ngozi,
nikageuza uso ukutani,
nikamwinua.
Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililoniliza,
mwepesi kama kibuyu kilichosahauliwa darini.
Hakusema.
Sikusema.

Adhuhuri umeme ukarudi. Likashtuka,
likahesabu vidonge, likamkagua:
"Chilongani, bega lako lina mchubuko.
Ulianguka. Nani alikuinua? Taja jina."

Nilikuwa uani napepeta. Ungo ukasimama.
Hata kuku mmoja aliinua mguu akasahau kuushusha.
Kisha sauti yake, nzito upande mmoja:

"Andika: umeme."

"Umeme haukuwepo."

"Andika hivyo hivyo."

Likaandika.
Nami nikarudi kwenye uwele wangu,
upepo ule ule uliokata waya
ukinichukulia makapi.